Mshika Besi Naye ni Kiongozi

Historia ya muziki wetu wa dansi husimuliwa kutoka juu kuteremka chini. Hutajwa kwanza mwimbaji, akafuata mpiga gitaa la solo, wakafuata wapulizaji wa saksafoni na tarumbeta. Zamu ya mpiga besi inapofika, ama karatasi imekwisha, ama msimulizi amechoka. Mwulize mwanafunzi wa sekondari akutajie wanamuziki watano wa dansi wa Tanzania. Akijitahidi atakutajia Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, Marijani Rajabu, Muhidin Gurumo na Remmy Ongala. Wote hao wanastahili sifa walizopewa, wala hatukusudii kumpunguzia hata mmoja wao heshima yake. Lakini mwombe sasa akutajie mpiga besi mmoja tu. Atanyamaza. Mgeukie mwalimu wake: naye, aghalabu, atanyamaza.

Kunyamaza huko si jambo la bahati. Ni matunda ya mafunzo. Tumefundishwa, nasi tunawafundisha watoto wetu, kwamba anayeongoza ni yule anayesikika zaidi. Sisi tuandikao haya tupo Kizwite, katika mji wa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mbali na kumbi kubwa za Dar es Salaam na mbali zaidi na studio za Nairobi. Umbali huo umetufunza jambo moja: sifa za wanamuziki hutufikia zikiwa zimekwisha chujwa na watu wengine, na katika kuchujwa huko wa kwanza kuachwa ni mshika besi. Hoja yetu basi ni hii. Mpiga besi anaweza kuwa kiongozi wa muziki, na zipo albamu zinazothibitisha hivyo. Albamu hizo zimepuuzwa, na kwa kuzipuuza tumewapa vijana wetu nusu ya elimu ya muziki tukaiita elimu kamili.

Kazi ya besi

Hatuna budi kwanza kueleza besi ni nini, kwa kuwa wengi huidharau kwa kutoijua. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi wake mzito hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98. Sauti hizo za chini hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hushika mwendo pamoja na ngoma, na tena huonyesha msingi ambao magitaa na waimbaji husimama juu yake. Mpiga solo akikosea noti moja, ni wachache watakaotambua. Mpiga besi akikosea, bendi nzima huyumba na wachezaji hupotewa na hatua, ijapokuwa hawataweza kusema ni nani aliyewapoteza.

Wanakwaya wa Ufipa hawahitaji kuelezwa zaidi. Kila aliyewahi kuimba katika kwaya ya sauti nne anafahamu kwamba watu wa besi wakilegea, sauti ya kwanza hupanda au hushuka bila kujitambua, na wimbo ulioanza vizuri huishia mahali pengine kabisa. Hata hivyo, siku ya sherehe, shangwe huenda kwa mwimbaji pekee aliyesimama mbele.

Wazee wa Ufipa waliijua hekima hii kwa njia ya chuma. Tanuri lao la kuyeyushia mawe ya chuma, liitwalo ilungu, lilijengwa kwa udongo, likampita mtu kwa kimo, hata kufikia kiasi cha meta 3. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini, kukizunguka kitako chake. Mgeni akiona malungu hustaajabia urefu wa mnara. Mfua chuma aliyatazama matundu ya chini, maana hayo yakizibika, mnara wote ni udongo mtupu.

Jina tulilolitwaa, na watu tusiowajua

Bendi zetu za zamani zilijiita Jazz bila ya kumwomba mtu ruhusa. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Zilikuwapo pia Tabora Jazz, Kilwa Jazz na Atomic Jazz ya Tanga. Muziki wao haukuwa ule wa New York. Ulikuwa rumba, chacha na ngoma zetu wenyewe zilizovikwa magitaa. Hatuoni aibu kwa hilo. Jina la kigeni likikaa kwa watu zaidi ya miaka 90 limekwisha kuwa la kwao.

Lakini jambo la kusikitisha ni kwamba tulilitwaa jina la jazi tukawaacha watu wake, hasa wale ambao wangetufaa zaidi. Tuwatazame watatu, wote wapiga besi, wote viongozi.

Wa kwanza ni Charles Mingus. Alizaliwa Marekani mwaka 1922, akafariki Januari 1979, mwezi ule ule ambao Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Mwaka 1952 Mingus na mpiga drumu Max Roach walianzisha kampuni yao wenyewe ya santuri, iliyoitwa Debut, ili wasiwe wa kuomba nafasi kila siku kwa wenye mali. Mwaka 1956 alitoa Pithecanthropus Erectus, na mwaka 1959 Mingus Ah Um. Wakati huo aliwafundisha wenzake tungo zake kwa kuwapigia na kuwaimbia, badala ya kuwagawia karatasi zilizoandikwa noti, kwa sababu alitaka wimbo uingie masikioni kabla ya kuingia machoni. Je, siyo hivyo bendi zetu zilivyojifunza? Sisi tuliambiwa kwamba kujifunza kwa sikio ni dalili ya ujinga. Bwana huyu, aliyezijua noti vizuri, aliuchagua mtindo huo kwa makusudi.

Katika albamu ya 1959 umo wimbo unaomkejeli Orval Faubus, gavana wa jimbo la Arkansas, ambaye mwaka 1957 alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya sekondari mjini Little Rock. Wimbo huo ulitoka bila maneno. Mwaka 1960 Mingus aliurekodi tena katika kampuni ndogo zaidi, safari hii pamoja na maneno yake ya kebehi. Ndugu mwalimu, hilo ni somo la historia, la uraia na la muziki kwa wakati mmoja, nalo linahusu watoto wa umri ule ule wa wanafunzi wako.

Wa pili ni Ahmed Abdul-Malik, mzaliwa wa Brooklyn, mwaka 1927. Wanaomkumbuka humkumbuka kama msindikizaji wa mpiga piano Thelonious Monk. Mwaka 2005 ilipotolewa kanda ya Monk na John Coltrane waliyorekodiwa Novemba 1957 katika ukumbi wa Carnegie, dunia nzima iliwashangilia Monk na Coltrane. Besi iliyowabeba usiku ule ilikuwa ya Abdul-Malik. Lakini huyu alikuwa na albamu zake mwenyewe. Mwaka 1958 alirekodi Jazz Sahara, ambamo pamoja na besi alipiga udi, na ndani yake zikasikika kanuni, fidla, duf na darabuka, zikizungumza na saksafoni ya Johnny Griffin. Mwaka 1962 akatoa Sounds of Africa.

Msomaji wa Kiswahili na asimame hapo kidogo. Udi, kanuni na fidla si vitu vigeni kwetu. Ikhwani Safaa ya Unguja imekuwapo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club ilianzishwa mwaka 1958, mwaka ule ule wa Jazz Sahara. Watu wa taarabu wa Unguja walikuwa wakipiga ala hizi pamoja na besi kubwa ya mbao, bila ya kuhitaji kufundishwa na mtu wa Brooklyn. Albamu hii ingeweza kufundishwa kila mahali tunapofundisha taarabu, wanafunzi wakapimishwa wenyewe wapi inakaribiana na muziki wa kwetu na wapi inatengana nao. Badala yake imeachwa kwa watafutaji wachache wa santuri kuukuu huko ng'ambo.

Wa tatu ndiye anayetuuma zaidi. Johnny Mbizo Dyani alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1945. Mwaka 1964 alitoka nchini kwao pamoja na bendi ya Blue Notes, bendi ya weusi na mzungu mmoja ambayo sheria za makaburu hazikuitaka ipige jukwaa moja. Hakurudi kuishi kwao tena. Alifariki Berlin mwaka 1986, kabla ya uhuru. Septemba 1977 Steve Biko aliuawa mikononi mwa polisi. Mwaka uliofuata Dyani alirekodi albamu iitwayo Song for Biko, akiwa na Dudu Pukwana kwenye saksafoni, Don Cherry kwenye koneti, na Makaya Ntshoko kwenye drumu. Tazama hesabu hiyo: hamna piano, hamna gitaa. Msingi wote wa sauti umewekwa juu ya nyuzi nne za mtu mmoja, naye ndiye kiongozi.

Sasa tuulize. Mwaka huo huo wa 1978 ndipo chuo cha African National Congress kilipoanzishwa Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Na tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wananchi wa nchi hii walijinyima kwa ajili ya ukombozi wa kusini. Wanafunzi wetu hufundishwa tarehe, vyama na mikutano ya ukombozi huo, na ni haki wafundishwe. Lakini sauti yake hawaisikii. Albamu iliyotungwa kwa machungu yale yale tuliyoyabeba sisi haitajwi, kwa sababu kiongozi wake hakushika kipaza sauti, alishika besi.

Kwa nini kwetu hawakuongoza

Kuna watakaosema: hao ni wa ng'ambo, kwetu wapiga besi hawakutoa albamu kwa kuwa hawakuwa na la kusema. Hilo ni neno la uvivu. Zipo sababu, na zinaonekana.

Sababu ya kwanza ni umiliki wa vyombo. Bendi zetu nyingi zilikuwa mali ya vyama, mashirika au matajiri, na magitaa yalikuwa ya mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, alihama na vidole vyake tu. Mwimbaji huondoka na sauti yake kooni. Mpiga besi huliacha gitaa na kikuza sauti chake, chombo kizito na cha ghali kupita vingine jukwaani. Atawezaje kuongoza mtu asiye na jembe lake mwenyewe? Mingus alilitambua hilo, ndiyo maana alianza na kampuni.

Sababu ya pili ni santuri yenyewe. Nchini Tanzania hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi. Zilizotoka ni santuri ndogo za nyimbo mbili, na karatasi yake ya katikati iliweza kubeba jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi, basi. Albamu ndefu mara nyingi zilikuwa mkusanyo wa santuri ndogo. Mbaraka Mwinshehe alipofariki zilitolewa albamu za Ukumbusho, na alizistahili. Ni mpiga besi gani aliyewekewa ukumbusho wa namna hiyo?

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wa Ufipa na wote walio mbali na miji mikubwa. Muziki wa dansi ulitufikia kwa Redio Tanzania, na tuliusikiliza kwa redio ndogo za betri. Spika ya upana wa vidole vichache haiwezi kuitoa sauti ya mitetemo 41 au 55 kwa sekunde. Sikio hubahatisha noti kwa kufuata mwangwi wake wa juu, lakini uzito wake haupo. Basi kizazi kizima kilipenda nyimbo ambazo sakafu yake hakikuisikia. Leo vijana wanasikiliza kwa spika ya simu ya mkononi, ambayo ni ndogo kuliko ya redio ile. Dharau iliyoanza kwa upungufu wa chombo imegeuka kuwa desturi ya mawazo.

Na wasanii walikuwapo. Mwaka 1978 walijitenga vijana kutoka Simba Wanyika jijini Nairobi, wakaunda Les Wanyika, na wimbo wao Sina Makosa ukaenea Afrika Mashariki nzima, ukawa haukosekani arusini. Mpiga besi wake ni Tom Malanga. Sikiliza jinsi besi ile inavyokwenda: inasema, inanyamaza, inaacha nafasi, inarudi na jibu. Ondoa gitaa la solo kwa dakika moja, utaendelea kucheza. Ondoa besi, utakaa chini. Maelfu wanaweza kuuimba wimbo ule wote, na hawalijui jina la Malanga. Vivyo hivyo Suleiman Mwanyiro wa Msondo Ngoma, ambaye mashabiki walimwita Kompyuta kwa uhakika wa vidole vyake: nje ya mashabiki hao, nani anayemtaja darasani? Na bendi hiyo, iliyokuwa NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, jina lake la mwisho limetokana na msondo, ngoma ndefu ya wazee. Yaani tuliipa bendi jina la chombo kinachoshika mwendo, kisha tukamsahau anayeushika.

Majibu kwa wapinzani

Wako watakaotupinga kwa jina la utamaduni wa taifa. Watasema kwamba Mingus na Abdul-Malik ni Wamarekani, na kijana wa Sumbawanga ana ngoma zake. Tunawajibu: kijana huyo anasikiliza muziki wa Marekani kila siku, tena ule uliochaguliwa na wafanyabiashara. Swali si kama atasikia muziki wa ng'ambo. Swali ni kama shule itamsaidia kuchagua. Na mtu wa Afrika ya Kusini aliyemlilia Biko, huyo naye ni mgeni?

Wengine watasema kwamba bendi ni kazi ya pamoja, na kumtaja mpiga besi peke yake ni ubinafsi. Tungelikubali neno hili kama lingetumika kwa wote. Umoja unaomtaja mwimbaji kwa jina, kwa picha na kwa jina la utani, kisha ukamwita mpiga besi "na wenzake", si umoja. Ni utumishi uliovishwa nguo ya ujamaa. Ama watajwe wote, ama asitajwe yeyote.

Wa tatu watasema shule hazina vyombo. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini sikio halinunuliwi dukani. Walimu wanaweza kuanza kesho. Uchezwe wimbo mmoja wa dansi mara mbili, kwa spika yoyote yenye ukubwa wa kutosha, kama zile za kanisani au za ukumbi wa kijiji. Mara ya kwanza wanafunzi wasikilize wapendavyo. Mara ya pili wafuate besi peke yake, kisha waiimbe kwa midomo yao mpaka waishike. Halafu waulizwe: nani aliyepiga? Jibu lisipokuwapo, hilo ndilo zoezi lao la nyumbani. Wako wazee waliopiga dansi ambao wangali hai, katika Rukwa na katika mikoa yote. Wakatafutwe, waulizwe, majina yaandikwe pamoja na mwaka na bendi, daftari libaki shuleni.

Wenye redio nao wanaocheza kanda za zamani wana wajibu. Mtangazaji anayetaja mwimbaji na mtunzi atumie nusu dakika zaidi kuwataja wapigaji wote pale majina yao yanapopatikana, na pale yasipopatikana awaombe wasikilizaji wayalete. Waamuzi wa mashindano ya muziki waache kutoa alama zote kwa mwimbaji na mavazi. Wenye studio nao wamwulize mpiga besi kama anazo tungo zake. Richard Bona wa Kameruni alipopewa nafasi mwaka 1999 alitoa Scenes from My Life, besi mkononi na lugha ya kwao kinywani, na dunia ikamsikiliza. Kipaji cha namna hiyo hakikuteremshwa Kameruni peke yake.

Tunasema haya kwa ukali kwa sababu jambo lenyewe si la muziki tu. Darasani mna wanafunzi wanaojibu kwa sauti, na mna wanaoshika darasa lisianguke: anayemweleza mwenzake hesabu jioni, anayefika mapema kufungua madirisha, anayekaa kimya lakini hapotezi mstari. Tukiwafundisha kwamba uongozi ni wa kooni tu, tutapata taifa la waimbaji wasio na bendi. Kila mzee mpiga besi anayezikwa bila jina lake kuandikwa anatupunguzia ushahidi wa kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Majina hayo yaanze kuandikwa mwaka huu, na shule za Sumbawanga zisingoje kuamriwa.